Ukoo wetu una akina Rajabu wanne. Nyie mnatofautishaje ndugu wenye jina moja?

#1 Karatasi Kavu

Wakuu, salaam.

Juzi saa tano usiku iliingia meseji kwenye grupu la ukoo: "Rajabu amelazwa, hali si ya kuridhisha. Tuombeane." Basi. Aliyeituma ni dada yetu, mtoto wa baba mkubwa, na simu ikamzimikia hapo hapo.

Tatizo ni kwamba kwetu Rajabu wako wanne. Yupo babu mwenyewe, mzaa baba, ana miaka 88. Alizaa wanaume watatu, na kila mmoja akampa mtoto wake wa kwanza wa kiume jina la baba yake bila kuulizana na wenzake. Kwa hiyo kuna Rajabu wa baba mkubwa, Rajabu wa kwetu (kaka yangu) na Rajabu wa baba mdogo. Na kwa kuwa jina la tatu ni la babu, wajukuu wote watatu wanaanza na Rajabu na kuishia na Rajabu. Kinachowatenganisha ni jina la katikati, na hilo nani huandika kwenye meseji?

Robo saa nzima watu wanapigiana. Shemeji yangu mmoja ameshaanza kulia, mumewe yuko sebuleni anaangalia mpira na simu iko chaji chumbani. Halafu Rajabu wa baba mdogo akaibuka kwenye grupu: "Ni mimi?"

Nyumbani tunawaita Babu, Rajabu Mkubwa, Rajabu wa Kati na Rajabu Mdogo. Huyo Mdogo ana miaka 41, kitambi, na watoto wanne. Mke wangu anajifungua mwezi ujao, ultrasaundi inasema mvulana, na babu ameshaniuliza "jina mmelipata?" kwa sauti ile ambayo jibu lake ni moja.

Dai langu: mkubwa na mdogo umetushinda. Bora namba, kama wafalme. Wa Kwanza, wa Pili, wa Tatu, kila mtu anakufa na yake. Kwenu mnafanyaje?

#2 Ngumi Jiwe

Aliyelazwa ni yupi sasa? Umetuacha hewani.

#3 Kifaranga

"Ni mimi?" Nimecheka mpaka mtoto kaamka.

Kwetu tunataja mama. Juma wa Mama Zuhura, Juma wa Mama Chiku. Imefanya kazi miaka yote, mpaka binti wa Mama Chiku alipoolewa akajifungua mtoto akamwita Zuhura. Sasa kuna Mama Zuhura wawili, mmoja ana miaka 70 na mwingine 26, na Juma wetu akitajwa kuna wageni wanadhani kazaliwa na binti wa juzi.

#4 Mkarani Mstaafu

Mleta mada, namba za wafalme ni safi ukiwa mbali. Sogea karibu uone.

Ufaransa, Louis XVI alikatwa kichwa mwaka 1793. Wafuasi wa ufalme wakamhesabu mwanawe kuwa Louis XVII. Mtoto hakutawala hata siku moja, alifia kifungoni mwaka 1795 akiwa na miaka 10. Baba yake mdogo alipokalia kiti mwaka 1814 alitawala kama Louis XVIII, ili nafasi ya yule mtoto isifutwe. Ukihesabu waliokalia kiti, mmoja hupati.

Mapapa hawana Yohane wa XX. Hesabu ilivurugika karne za kati, wakaruka kutoka XIX hadi XXI.

Sweden ndiyo balaa. Karl IX, mwanzoni mwa karne ya 17, alichukua namba yake kutoka kwenye historia iliyojaa wafalme wa kubuni. Akina Karl sita wa mwanzo hawakuwahi kuwepo duniani. Na hesabu haikusahihishwa kamwe, mfalme wao wa leo ni Carl XVI Gustaf.

Kwa hiyo kabla hujagawa namba, mna uhakika babu ni wa kwanza? Baba yake babu aliitwaje?

#5 Ngumi Jiwe

Sweden wana Rajabu hewa sita wanaendelea kuhesabiwa. Naomba niajiriwe kitengo hicho.

#6 Karatasi Kavu

> Baba yake babu aliitwaje?

Mkuu umenichoma. Nimempigia baba. Anasema babu alirithi jina la babu yake. Yaani babu ni wa Pili, au wa Nne, hakuna ajuaye.

#7 Dafina

Wamarekani walishamaliza hili jambo, tunajisumbua. Baba Senior, mtoto Junior, mjukuu wa III. Sharti jina lote lifanane herufi kwa herufi. Ndiyo maana Bush mtoto hakuwa Junior: baba ni George Herbert Walker Bush, mtoto ni George Walker Bush. Wakabaki kumwita "W", na wengine wakawaita 41 na 43 kwa namba zao za urais.

Na II si sawa na Junior. Junior ni mtoto wa mwenye jina. II ni yule aliyepewa jina la babu au la ndugu wa baba, baba yake mwenyewe akiwa na jina jingine. Kwa utaratibu huo, tukisamehe majina ya katikati, Rajabu wenu wa kwanza kuzaliwa kati ya wajukuu ni wa II, anayefuata III, na yule wa miaka 41 ni wa IV. Mtoto wako wa V. Kwisha kazi.

#8 Fundi Saa

> Kwisha kazi.

Hapo ndipo inapoanza. Senior akifa, je, Junior anapanda cheo?

Kuna kanuni mbili na zote zina wenyewe. Ya zamani inasema ndiyo: mzee akiondoka Junior anakuwa Senior, III anakuwa Junior, wote wanasogea kama foleni. Ya siku hizi inasema hapana, ukizaliwa na Junior umekufa nayo, kwa sababu imeshaingia kwenye vyeti na huwezi kubadili vyeti vya watu watatu kila ukifanyika msiba.

Mfano wa Martin Luther King. Alizaliwa mwaka 1929 akiitwa Michael, kama baba yake. Baba alisafiri hadi Ujerumani mwaka 1934, akarudi akaanza kujiita Martin Luther, jina la mwanamageuzi wa dini wa huko, na mtoto akafuata. Mtoto aliuawa mwaka 1968, baba akaishi hadi 1984. Junior akatangulia, Senior akabaki. Foleni isogee upande upi hapo? Na mtoto wa Junior bado anaitwa wa III mpaka leo.

#9 Mwanaukoo

Niongezee kwa Fundi Saa, maana hili limewapoteza wengi wanaochimba koo zao.

Kwenye madaftari ya zamani ya Uingereza na makoloni yake ya Amerika, Senior na Junior si lazima wawe baba na mwana. Ilikuwa alama ya karani tu: kijijini kuna John Smith wawili, mwenye umri mkubwa anaandikwa Senior, mdogo Junior, hata kama hawana udugu wowote. Mkubwa akifa au akihama, yule Junior wa jana anaandikwa Senior kesho. Ukisoma bila kujua unamuunganisha mtu na baba asiye wake, unapanda mti wa ukoo wa jirani.

Mtu huyohuyo anaweza kuwa Junior mwaka huu na Senior miaka mitano baadaye. Hajabadilika yeye. Jirani kafa.

#10 Shangazi Mkali

Nyie mnahangaika na Wamarekani wakati Warumi walikuwa na mkubwa na mdogo wao na hawakufa. Plinius Mkubwa na mwanawe Plinius Mdogo. Tunawasoma mpaka leo na hatuwachanganyi.

Uingereza nako kulikuwa na William Pitt wawili, baba na mwana, wote mawaziri wakuu. Mtoto aliupata mwaka 1783 akiwa na miaka 24. Wanaitwa Mkubwa na Mdogo, basi, hakuna namba wala nini.

#11 Mkarani Mstaafu

> tunawasoma mpaka leo na hatuwachanganyi

Shangazi, umewachanganya sasa hivi. Plinius Mdogo si mtoto wa Plinius Mkubwa. Ni mpwa wake. Mkubwa ni mjomba, ndugu wa mama yake, aliyekufa volkano ya Vesuvius ilipolipuka mwaka 79 na kumwachia kijana jina kwa kumfanya mwana kupitia wosia. Mkubwa na mdogo inakuambia nani alitangulia tu. Haikuambii ni baba, mjomba au jirani.

#12 Shangazi Mkali

Sawa, mjomba. Ila hoja yangu iko palepale.

#13 Ngumi Jiwe

"Sawa, mjomba" 😂😂

#14 Mama Pacha

Warumi hao hao kwa wanawake walikuwa hovyo. Binti alichukua jina la ukoo wa baba, basi. Mabinti wawili, wote jina moja. Marko Antoni na Oktavia walizaa mabinti wawili, Antonia na Antonia. Wanahistoria wanawaita Major na Minor, yaani mkubwa na mdogo. Yule Minor ndiye mama wa kaizari Klaudio. Mama wa kaizari, mpaka leo "mdogo".

Wanaume angalau walikuwa na jina la mbele. Nasema tu.

#15 Kifaranga2

Naona hamjagusa mfano ninaoupenda. Mchoraji Vincent van Gogh. Nivumilieni, ni mrefu.

Babu yake aliitwa Vincent. Baba yake mdogo au mkubwa mmoja (sina ubavu wa kupanga tumbo zima) naye Vincent, alikuwa mfanyabiashara wa picha. Nyumbani huyo walimkata jina wakamwita Cent, wapwa wakawa wanasema "Oom Cent", yaani Ami Cent. Kisha tarehe 30 Machi 1852 mama yake mchoraji akajifungua mtoto mfu, wakamwita Vincent. Mwaka mmoja kamili baadaye, 30 Machi 1853, akazaliwa mwingine, wakampa jina hilo hilo. Huyo ndiye tunayemjua. Baba alikuwa mchungaji, na kaburi la yule wa kwanza lilikuwa hapo hapo kanisani kwa baba. Kijana alikua akipita mbele ya jiwe lenye jina lake.

Haikuishia hapo. Mdogo wake Theo, ambaye naye alipewa jina la baba yao Theodorus, alipata mtoto mwaka 1890 akamwita Vincent Willem. Huyu alisomea uhandisi, na ndivyo alivyojulikana: "Mhandisi". Ukisema Vincent watu wanafikiria picha, ukisema Mhandisi wanajua ni mpwa. Ndiye aliyehangaika mpaka picha za ami yake zikapata makumbusho pale Amsterdam, yaliyofunguliwa mwaka 1973.

Angalia walivyotofautisha: mmoja kwa kukatwa jina, mmoja kwa kazi, na mmoja kwa kuwa alikufa. Namba hakuna. Mkubwa na mdogo hakuna.

#16 Dafina

> jiwe lenye jina lake

Hii imenikaa. Asante.

Beethoven, mtunzi wa muziki, naye. Alitanguliwa na Ludwig mwingine, akaishi siku chache tu mwaka 1769. Huyu wetu akabatizwa Desemba 1770. Ukubwani alipoletewa cheti cha ubatizo alikataa miaka yake, akaamini kile ni cha kaka yake. Ukipewa jina la marehemu unaweza kubishana na cheti chako mwenyewe.

#17 Mama Pacha

Kwetu mdogo wangu alipewa jina la kaka yetu aliyefariki. Hakuna aliyewahi kusema "wa pili" wala "mdogo". Marehemu ndiye aliyebadilishwa jina: tangu siku ile akawa "yule wa kwanza", bila jina kabisa. Mama hajawahi kulitamka kwa maana ya yule.

#18 Bwana Kumi na Moja

Poleni kwa hilo la juu.

Turudi kwenye kucheka. George Foreman, bondia, watoto wa kiume watano, WOTE George Edward Foreman. Junior, III, IV, V, VI. Mleta uzi anataka namba, haya, mtu alijaribu namba. Matokeo? Nyumbani wakabandikana majina: III ni Monk, IV ni Big Wheel, V ni Red, VI ni Little Joey. Namba zikabaki kwenye karatasi. Huwezi kuita "Wa Sita, njoo ule".

#19 Mkarani Mstaafu

Foreman ni mtoto. Ujerumani kulikuwa na ukoo wa watawala, Reuss, ambako KILA mwanamume aliitwa Heinrich. Kila mmoja, awe wa kutawala au la, na wote wanahesabiwa. Tawi moja lilihesabu likaanza upya likifika mia, jingine lilianza upya kila karne. Mwaka 1848 aliyeachia kiti katika tawi mojawapo alikuwa Heinrich LXXII. Sabini na mbili, wakuu.

#20 Ngumi Jiwe

Meseji kwenye grupu lao: "Heinrich amelazwa."

#21 Saidi wa Pili Kushoto

Mimi nina kisa cha upande mwingine, wa majina kugeuka.

Kwetu mtoto wa kwanza anachukua jina la babu, jina la pili la baba. Kwa hiyo baba ni Omari Saidi, mimi ni Saidi Omari, mwanangu ni Omari Saidi. Kama Karume: rais wa kwanza wa Zanzibar ni Abeid Amani Karume, mwanawe aliyekuja kuwa rais mwaka 2000 ni Amani Abeid Karume. Unaona uzuri wake? Mtu akisikia jina tu anajua yuko ngazi ipi. Na baba na mwana hawagongani kamwe.

Mpaka ukutane na fomu inayosema "anza na jina la ukoo". Mimi Saidi Omari nikijaza inakuwa OMARI, SAIDI. Karani akinakili akasahau mkato, nimekuwa baba yangu. Benki moja, sitaitaja, ilimzuia mzee pensheni yake miezi miwili kwa mkopo niliochukua mimi. Mzee alikwenda na kitambulisho, akaambiwa "lakini jina ni lako". Akawajibu ni langu kweli, deni ndilo si langu.

Nilikwenda naye mara ya tatu tukakaa mbele ya dada wa kaunta, vitambulisho viwili vimelazwa sambamba. Alikuwa anahamisha kidole kutoka kimoja kwenda kingine kama anayesoma ramani. Mwishoni akatutazama usoni wote wawili, akatikisa kichwa. Tunafanana pia.

#22 Kifaranga

Simu yangu ina "Asha Kaka", "Asha Shangazi" na "Asha Deni". Siku moja nimemwazima simu Asha wa tatu apige, akajitafuta ili apate namba yake mwenyewe.

Deni alilipa siku ileile. Salamu sijazipata mpaka leo.

#23 Fundi Saa

Kifaranga umetisha 😂. Huo ndio mfumo pekee humu ndani uliotoa matokeo.

#24 Mrefu wa Zamani

Jina langu humu lina sababu. Tulikuwa Hamisi wawili, mimi na mtoto wa mama mdogo, tumepishana miezi minne. Tukiwa na miaka minane mimi nilikuwa nimemzidi kichwa kizima, wakatuita Hamisi Mrefu na Hamisi Mfupi. Tukafika miaka 16 mwenzangu akaamka siku moja kavuka mlango kwa kuinama. Leo ana futi sita na zaidi, mimi nafika begani kwake. Yeye bado Mfupi, mimi bado Mrefu. Mgeni akija nyumbani akasikia "mwite Mfupi" akamwona anayekuja, anadhani ni utani. Si utani. Hakuna anayecheka.

#25 Shangazi Mkali

Hapa ndipo ninapotaka kusema. Mkubwa, mdogo, mrefu si sifa tena. Likishaganda ni sehemu ya jina, kama mtu anavyoitwa Furaha na ana kisirani. Mleta uzi anasema kitambi na Mdogo havikai pamoja. Kwa nini visikae? Hatumpimi.

#26 Mwanaukoo

Sikubaliani na Shangazi. Ingekuwa limeganda lingebaki, na kwa wengine halibaki. Kwetu shangazi yangu Fatuma Mdogo alipofiwa na Fatuma Mkubwa, ndani ya mwaka mmoja akawa Fatuma tu. Hakuna kikao kilichokaa. Lilidondoka lenyewe. Alama inaishi mradi kuna mwenzake wa kulinganishwa naye.

#27 Mama Pacha

> Alama inaishi mradi kuna mwenzake

Antonia alimzika dada yake, na bado Minor.

#28 Mwanaukoo

Hizo ni alama za vitabu, zimebandikwa ili wasomaji wasipotee. Nazungumzia nyumba yenye watu.

#29 Karatasi Kavu

Jamani nimerudi. Ngumi Jiwe aliuliza mapema, nilikuwa sijajua la kujibu.

Aliyelazwa si Rajabu hata mmoja kati ya wanne.

Ni mume wa huyo dada aliyetuma meseji. Shemeji yetu. Anaitwa Rajabu! Tumekaa naye miaka tisa, sisi tunamwita Shemeji, jina lake tulilisikia siku ya ndoa. Kidole tumbo, kakatwa, yuko nyumbani sasa anakunywa uji.

Kilichonishangaza ni dada. Tulimuuliza, kwa nini usiseme yupi? Akatushangaa kweli kweli. "Rajabu. Si Rajabu?" Kaka yake wa tumbo moja ni Rajabu Mkubwa, lakini yeye tangu utotoni anamwita Kaka. Babu ni Babu. Wale wawili ni "wa kina baba mdogo". Kichwani kwake Rajabu ni mmoja tu duniani, na amelala naye kitanda kimoja. Hakuona cha kutofautisha.

#30 Fundi Saa

Uzi umeanza upya.

Kumbe alama si mali ya anayeitwa, ni ya anayeita. Kwenu kaka yako ni wa Kati. Kwa mkewe ni Rajabu. Kwa watoto ni Baba. Ofisini kwake pengine ni Rajabu wa Hesabu. Unapotaka kugawa namba unataka kumpa kila mtu jina litakalofanya kazi katika nyumba zote kwa wakati mmoja, na hakuna nyumba inayolihitaji.

#31 Dafina

Falsafa nzuri, ila benki inalihitaji. Muulize Saidi.

#32 Saidi wa Pili Kushoto

Inalihitaji.

#33 Bwana Kumi na Moja

Iceland wengi hawana jina la ukoo, wana la baba tu: Jón mwana wa Jón ni Jón Jónsson. Kitabu chao cha simu kilipangwa kwa jina la kwanza na kikaandika na kazi ya mtu. Wales nako, akina Jones walipokuwa wengi mno, wakawa Jones wa Maziwa, Jones wa Posta. Naona kazi inarudi kila mahali. Hata Mhandisi wa Kifaranga2.

#34 Ngumi Jiwe

Na asiye na kazi?

#35 Bwana Kumi na Moja

Huyo anajulikana tayari.

#36 Mama Pacha

Mimi na pacha wangu hatuna jina moja ila tuna kesi ya nani mkubwa. Kwa Wayoruba wa Nigeria pacha anayetoka kwanza ni Taiwo, wa pili Kehinde, na mkubwa ni KEHINDE. Kwamba alimtuma mwenzake atangulie akachungulie dunia ikoje. Nimemsomea pacha wangu hii, kanikatia simu.

#37 Kifaranga

Mama Pacha tunatoka nje ya mada lakini endelea.

#38 Mwanaukoo

Turudi kwa mleta uzi. Ushauri wa kazi: usibadili jina la mtu yeyote. Kwenye kumbukumbu za ukoo wape namba za siri. Upo mfumo ambapo wewe ni 1, baba 2, mama 3, babu mzaa baba 4, bibi 5. Baba wa mtu yeyote ni namba yake mara mbili, mama ni mara mbili jumlisha moja. Babu yenu daima ni 4, na hata akitokea Rajabu mwingine juu yake atakuwa 8 au 16, bila kugombana.

#39 Mkarani Mstaafu

Mfumo mzuri, lakini ni wa wazazi na mababu tu. Kaka yake hana namba humo, wala watoto wa baba mkubwa na baba mdogo. Akina Rajabu watatu wanaomsumbua wote wako nje. Na ukianzia kwa mtoto wake, babu anakuwa 8. Aandike jina na mwaka wa kuzaliwa, inatosha.

#40 Mwanaukoo

Kweli, nimekubali. Mwaka wa kuzaliwa basi. Ila watoto wa baba wadogo wawili wakizaliwa mwaka mmoja, msinitafute.

#41 Dafina

Swali dogo ambalo hakuna aliyeuliza: kwa nini lazima awe Rajabu? Wayahudi wa Ashkenazi (wenye asili ya Ulaya ya kati na mashariki) hawampi mtoto jina la ndugu aliye hai, wanasubiri afariki. Wa Sephardi (wenye asili ya Hispania) wanampa la babu aliye hai na babu anafurahi. Dini moja, desturi mbili. Mleta uzi aseme babu bado yupo, tusubiri.

#42 Karatasi Kavu

Dafina, nimwambie mzee wa miaka 88 kwamba tunasubiri?

#43 Dafina

Nimefuta hoja.

#44 Shangazi Mkali

Mpe jina. Wewe na mkeo mtamwita Babu. Mama yangu hakuweza kumkaripia kaka yangu kwa jina la baba mkwe wake, akawa anamwita Babu. "Babu, toka kwenye matope!" Mzee akiwa barazani anaitika yeye.

#45 Ngumi Jiwe

Kwa hiyo sasa watakuwa Babu wawili.

#46 Karatasi Kavu

Wakuu asanteni, nimepata mengi kuliko nilivyotegemea. Mke wangu amesoma uzi mzima, anasema mtoto ataitwa Rajabu na nyumbani ataitwa jina atakalochagua yeye, mimi nisubiri kuambiwa.

Shukrani za pekee kwa Kifaranga kwa kile kisa cha Van Gogh, nimemsomea baba kwenye simu akanyamaza kabisa.

#47 Kifaranga

Mkuu, huyo ni Kifaranga2. Mimi ni wa Asha Deni.

#48 Kifaranga2

Mara ya tatu mwaka huu. Juzi nimetumiwa hadi pole ya msiba wake.